Safari ndefu ya familia kwa gari la umeme: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni ya mwenye gari la umeme anayetaka kuwapeleka watoto, wazee na mizigo yao safari ya kilomita 300 au zaidi kwa siku moja. Mifano ya hesabu ni ya gari la ukubwa wa kati lenye betri ya kWh 64 zinazotumika (kWh ni kipimo cha kiasi cha umeme, kimeelezwa hapa chini). Kama lako ni dogo au kubwa zaidi, badilisha namba. Hesabu ni ileile.

Gari langu limeandikwa kilomita 450 kwa chaji moja. Nipange safari kwa namba hiyo?

Hapana. Namba hiyo hupatikana maabara, pasipo upepo, pasipo mlima, pasipo gari kujaa watu na mizigo. Katika WLTP, kipimo rasmi cha maabara kinachotumika Ulaya na kwingineko, wastani wa mwendo wa jaribio zima ni takribani kilomita 46 kwa saa, mwendo wa mjini kuliko wa barabara kuu. Ukienda 110 gari limejaa na kiyoyozi kimewashwa, tegemea asilimia 70 hadi 80 ya kilichoandikwa. Baridi kali hushusha zaidi ya hapo.

Namba ya kuamini ni ya gari lako mwenyewe. Wiki moja kabla ya safari, rudisha kihesabu cha safari kwenye dashibodi hadi sifuri, endesha kilomita 25 za barabara kuu kwa mwendo utakaoutumia, kisha geuza urudi kwa njia ileile ili upepo na miteremko ifidiane. Soma matumizi kwa kilomita 100. Magari mengi ya familia huonyesha kati ya kWh 15 na 22. Kama dashibodi yako inaonyesha Wh kwa kilomita, 190 ni sawa na kWh 19 kwa kilomita 100.

Kilomita zilizobaki zinazoonyeshwa karibu na alama ya betri ni makisio tu, tena hutokana na uendeshaji wako wa siku za karibuni. Aliyezunguka mjini wiki nzima ataonyeshwa kilomita nyingi asubuhi ya safari, kisha ataziona zikiyeyuka mara tu anapoingia barabara kuu. Weka dashibodi ionyeshe asilimia, na kilomita uzipige hesabu mwenyewe.

kW na kWh zinanichanganya. Tofauti ni nini?

kWh ni kiasi cha umeme kilichomo kwenye betri, kama lita za maji ndani ya pipa. kW ni kasi ya umeme kuingia au kutoka, kama ukubwa wa bomba. Chaja ya kW 50 ikifanya kazi saa nzima bila kupungua huingiza kWh 50.

Nipigeje hesabu ya safari nzima?

Chukua kWh zinazotumika, zidisha kwa sehemu ya betri utakayoitumia, gawanya kwa matumizi ya kilomita 100, kisha zidisha kwa 100. Angalia vizuri neno "zinazotumika": watengenezaji wengi hutaja ukubwa wote wa betri, na sehemu ndogo yake huzuiwa kwa ajili ya ulinzi wa betri yenyewe.

Gari letu la mfano lina kWh 64 na linatumia kWh 19. Ukitoka nyumbani na asilimia 100 ukafika chaja ya kwanza na 10, umetumia kWh 57.6, yaani kilomita 303. Kuanzia hapo utakuwa unachaji hadi 80 na kushuka hadi 10, kWh 44.8, sawa na kilomita 235 kila kipande.

Safari ya kilomita 600 basi inaweza kuwa 300, kisha 235, kisha 65. Hapa ndipo wengi hupoteza muda bure: kwenye kituo cha pili wanasubiri hadi 80 kwa mazoea, ilhali kilomita 65 zinataka kWh 12.4 tu. Kuchaji kutoka 10 hadi 35 kunatosha kufika na akiba ya asilimia 15, na kwenye chaja yenye wastani wa kW 100 hiyo ni kazi ya dakika 10.

Hiyo ni hesabu ya karatasini. Chaja hazikuwekwa barabarani kwa kufuata hesabu yako, kwa hiyo anza na vituo vilivyopo kweli, kisha pima kama gari linafika kutoka kimoja hadi kingine.

Niache akiba kiasi gani?

Njia unayoijua yenye vituo vingi, fika na asilimia 10. Njia mpya, 20. Ukielekea kituo chenye chaja moja tu, fika na umeme wa kutosha kukupeleka kituo kinachofuata au kukurudisha ulikotoka, hata kama maana yake ni asilimia 35. Hili halina mjadala. Chaja moja peke yake inaweza kuwa imeharibika, imezuiwa na gari lililoegeshwa, au umeme wa eneo zima umekatika, na ukiwa na watoto garini saa tatu usiku hutaki kuligundua jambo hilo ukiwa na asilimia 4.

Kwa nini nisichaji hadi 100 kila nikisimama?

Kwa sababu betri hupokea umeme kwa pupa ikiwa tupu, na huupokea kwa kusitasita ikikaribia kujaa. Ni kama kujaza mtungi: mwanzoni unamimina tu, ukifika shingoni unapunguza mkono usije ukamwaga. Volti ya seli inapokaribia kikomo chake, kompyuta ya betri hupunguza mkondo ili lithiamu isijikusanye juu ya uso wa anodi (upande hasi wa seli), jambo linaloiharibu betri moja kwa moja. Gari linalotoka 10 hadi 80 kwa dakika 30 mara nyingi huhitaji muda unaokaribia huohuo kwa ile 20 iliyobaki.

Kwa hiyo vituo viwili vya dakika 20 hukufikisha mapema kuliko kituo kimoja cha dakika 70. Ingia ukiwa chini, toka mapema. Pita 80 pale tu ambapo kituo kinachofuata ni cha mbali, au mnapanda mlima mrefu, au familia bado inakula na hakuna gari linalosubiri nyuma yenu.

Nyumbani ni tofauti. Usiku wa kuamkia safari jaza hadi 100, na upange saa ya kuchaji ili ijae muda mfupi kabla ya kuondoka. Betri za nikeli na kobalti hazipendi kukaa zimejaa siku nzima, hasa kwenye joto. Zile za LFP (lithiamu, chuma na fosfati) huvumilia zaidi, na watengenezaji wengi hushauri zijazwe hadi 100 mara kwa mara ili kipimo cha asilimia kisipotoke.

Mwendo gani ni bora?

Nguvu ya upepo inayolipinga gari huongezeka kwa kipeo cha pili cha mwendo. Ndiyo maana kutoka 90 hadi 110 unaona tofauti, na kutoka 110 hadi 130 unashtuka.

Tuseme gari linatumia kWh 19 kwenye 110 na kWh 24 kwenye 130. Kwa kila kilomita 100, anayekwenda 130 hufika dakika 8 mapema, lakini lazima arudishe kWh 5 za ziada. Kwenye chaja inayotoa kW 100 hizo ni dakika 3, kwa hiyo bado yuko mbele. Kwenye chaja ya kW 50 ni dakika 6, karibu sare. Kwenye chaja ya kW 22 ni zaidi ya dakika 13, na huyo amechelewa kuliko aliyekwenda taratibu. Jibu basi linategemea chaja zilizo mbele yako: zikiwa chache au za polepole, punguza mwendo. Na mwendo huo uwe ndani ya sheria ya barabara unayopita.

Kuna faida nyingine ya mwendo wa kiasi isiyoonekana kwenye hesabu hii. Mara nyingi kushuka kutoka 110 hadi 95 hukuwezesha kuruka kituo kizima, na kila kituo kina dakika zake za kutoka barabarani, kutafuta nafasi na kuchomeka, hata kabla umeme haujaanza kuingia.

Baridi, joto, mvua na upepo vinaathiri kiasi gani?

Upepo wa mbele ndio watu husahau. Ukienda 100 huku upepo wa kilomita 30 kwa saa unakupiga usoni, hewa inalikabili gari kwa 130, na ukinzani wake umeongezeka kwa karibu asilimia 70. Angalia utabiri wa upepo asubuhi ya safari kama unavyoangalia mvua. Barabara yenye maji nayo hula umeme, kwa kuwa tairi hulazimika kusukuma maji kando kila linapozunguka.

Joto halitishi sana. Kupoza gari lililoanikwa juani hutaka kW 2 hadi 4 kwa dakika chache za kwanza, kisha kiyoyozi hutulia karibu na kW 1. Washa kiyoyozi gari likiwa bado limechomekwa ili kazi hiyo ifanywe na umeme wa ukutani. Baridi ndiyo mlaji mkubwa: hita ya kawaida huvuta kW 3 hadi 5 mwanzoni, na betri yenyewe hutoa umeme kwa shida. Gari lenye pampu ya joto hutumia kidogo zaidi. Viti vyenye joto huvuta wati 50 hadi 100 tu kila kimoja, kwa hiyo anzeni na hivyo kabla ya kuongeza joto la hewa.

Tunapanda milima. Tuhesabuje?

Gari lenye watu na mizigo lenye uzito wa kilo 2,200 hutumia kWh 6 kujiinua mita 1,000, mbali na matumizi ya kawaida ya barabara. Kwa betri yetu hiyo ni zaidi ya asilimia 9 kwa kila mita 1,000 za kupanda. Mkishuka upande wa pili, sehemu kubwa hurudi, mara nyingi zaidi ya nusu, kwa sababu mota hugeuka kuwa jenereta.

Msichaji hadi 100 juu ya mlima. Betri iliyojaa haina pa kuweka umeme unaozalishwa wakati wa kushuka, kwa hiyo gari halijishiki lenyewe na kazi yote inaangukia breki za kawaida. Dereva aliyezoea kuachia pedali na gari likajipunguza ghafla anakuta haliitikii. Mkilala juu mlimani, simamisha chaji kwenye 80 au 85.

Mzigo, keria na tela je?

Uzito ndani ya gari si tatizo kubwa kwenye tambarare. Kilo 300 za ziada huongeza takribani kWh 0.8 kwa kilomita 100. Umbo ndilo linaloumiza. Sanduku la juu ya keria huweza kuongeza matumizi kwa asilimia 10 hadi 25 kwenye mwendo wa barabara kuu, na keria tupu bado huvuta upepo, basi ivue kama huitumii. Kama gari lako linaruhusu, beba mizigo kwenye kibebeo cha nyuma, ambako gari limekwisha kuupasua upepo. Ukivuta tela refu la kulala, panga kana kwamba umbali wa gari umepungua kwa nusu, na jua mapema kuwa kwenye vituo vingi itabidi ulifungue tela ndipo uifikie chaja.

Upepo wa tairi upimwe asubuhi tairi zikiwa baridi, na ujazwe kwa kipimo cha gari lililojaa. Kibandiko kwenye nguzo ya mlango wa dereva huonyesha vipimo viwili. Wengi hutumia kile cha gari tupu mwaka mzima.

Nitajuaje plagi yangu inaingia kwenye chaja za njiani?

Fungua kifuniko cha kuchajia uangalie kabla ya kupanga lolote. Kwa chaja za kasi za DC (umeme wa mkondo mnyoofu): CCS2 ni ya kawaida Ulaya na nchi nyingi nyingine, CCS1 na NACS ni za Marekani ya Kaskazini, CHAdeMO ilianzia Japani, GB/T ni ya Uchina. Kwa AC (mkondo geu, kama wa nyumbani) kuna Type 1, Type 2, na GB/T ya AC ambayo kwa umbo inafanana na Type 2 lakini haiingiliani nayo. Gari lililonunuliwa likiwa limetumika kutoka nchi nyingine linaweza kuwa na plagi ambayo haipo kabisa kwenye njia yako. Adapta zipo, ila nunua iliyopimwa kwa mkondo wa gari lako na inayokubaliwa na mtengenezaji, kwa sababu adapta dhaifu kwenye amp 200 huyeyuka.

Angalia pia gari lako linapokea kW ngapi. Chaja yenye maandishi ya kW 350 haiwezi kulilazimisha gari la kW 80 lipokee zaidi ya 80. Kwenye AC kinachoamua ni chaja iliyomo ndani ya gari: lenye kW 7.4 likichomekwa kwenye nguzo ya kuchajia ya kW 22 litapata 7.4 tu.

Nitengenezeje orodha ya vituo?

Programu ya A Better Routeplanner hukadiria vituo kwa aina ya gari, mwendo, hali ya hewa na milima. Ingiza matumizi uliyoyapima mwenyewe badala ya yale iliyokuwekea. Kisha fungua PlugShare, programu ya ramani ya chaja, usome watumiaji wa karibuni wameandika nini kuhusu kila kituo. Usihangaike na nyota. Tafuta tarehe ya mtu wa mwisho aliyefaulu kuchaji, na kama alikuwa na plagi kama yako. Kituo ambacho hakijaandikwa chochote kwa miezi sita kihesabu kama hakipo mpaka umpate mtu wa kukuthibitishia kwa simu.

Kwa kila kituo andika cha pili kinachofikika, saa za kufunguliwa (vingine viko ndani ya maegesho yenye geti linalofungwa usiku), idadi ya chaja, na njia ya malipo. Pakua programu za mitandao ya chaja, jisajili na uweke kadi ya malipo ukiwa bado nyumbani. Kufungua akaunti mvuani, mtandao unasuasua, ujumbe wa uthibitisho haufiki na mtoto analia, ni adhabu ambayo mtu anaweza kuiepuka kwa dakika 20 za jioni iliyotangulia. Kama mtandao wa chaja unatoa kadi ya kugusisha, iagize. Hufanya kazi hata simu ikizima. Orodha yote iandike pia kwenye karatasi.

Nikifika kwenye chaja nifanye nini, na isipowaka je?

Kazi inaanza kabla hujafika. Weka kituo hicho kama mwisho wa safari kwenye ramani ya gari lenyewe. Magari mengi yakijua yanakwenda kwenye chaja ya kasi huanza kupasha au kupoza betri dakika 20 hadi 30 mapema. Betri ikiwa baridi, chaja ya kW 150 inaweza kukupa 40 tu, na watu huilaumu chaja.

Chagua kabati la chaja ambalo kichwa chake cha pili (kebo na plagi ya pili) hakitumiki, maana makabati mengi hugawa nguvu kati ya magari mawili. Egesha kwa kufuata upande wa tundu lako, kwa sababu kebo za DC ni fupi na nzito. Angalia pini za shaba ndani ya plagi: zikiwa zimeungua, zimepinda au zina mchanga, nenda nyingine. Sukuma plagi hadi ijifunge, kisha gusisha kadi au anzisha kwa programu.

Gari na chaja huanza kuzungumza. Kwa sekunde 20 hadi 60 hupimana volti na kukagua kama kuna umeme unaovuja, halafu utasikia mlio mzito wa swichi ndani ya gari, taa ya tundu ikabadilika, na kW zikaanza kupanda kwenye skrini. Usiondoke kabla ya hapo. Kaa dakika mbili zaidi uone zimefika wapi.

Ikishindikana, mara nyingi kosa liko kwenye uzito wa kebo: inaivuta plagi chini na pini ndogo za mawasiliano hazigusani vizuri. Chomoa, subiri sekunde 30, chomeka tena huku umeishikilia plagi kwa mikono miwili na kuisukuma juu kidogo mpaka usikie ule mlio. Bado? Funga na fungua gari kwa ufunguo, jaribu njia nyingine ya malipo, kisha hamia kichwa kingine. Baada ya hapo piga simu iliyoandikwa kwenye kabati. Mhudumu anaweza kuiwasha upya akiwa mbali. Kitufe chekundu cha dharura kiache kabisa isipokuwa kuna moshi au hatari ya kweli, kwani kikibonyezwa chaja huweza kulala mpaka fundi aje.

Plagi ikigoma kutoka, simamisha chaji kwanza, kisha fungua milango kwa ufunguo, maana kufuli la plagi hufuata kufuli la gari. Magari mengi yana kamba ya dharura ya kuliachia kufuli hilo, mara nyingi ndani ya buti upande wa tundu. Itafute kwenye kitabu cha gari leo.

Ukimaliza, ondoa gari. Mitandao mingi hutoza kila dakika ya kukalia nafasi baada ya chaji kwisha, na kuna familia nyingine nyuma yako.

Ni salama watoto kukaa garini likichaji? Na mvua ikinyesha?

Ni salama kwa yote mawili. Plagi haina umeme mpaka gari na chaja zikubaliane, na hukatika zikiachana. Kinachojeruhi watoto vituoni ni magari yanayorudi nyuma na kebo zilizolala chini wanazojikwaa, kwa hiyo wateremke upande usio na magari na wasicheze kati ya makabati.

Vituo vipangwe vipi kwa ajili ya watoto?

Panga kwa kibofu na tumbo la mdogo kuliko wote, kisha betri ifuate. Saa mbili barabarani zinatosha kwa watoto wengi, na bahati nzuri saa mbili kwa mwendo wa 100 ni kilomita 200, karibu sawa na kipande cha 80 hadi 10. Kituo cha dakika 20 chenye choo na kivuli ni bora kuliko chaja yenye nguvu zaidi iliyo peke yake porini. Mpango unaofanya kazi: mmoja awapeleke watoto chooni mara mnapofika, mwingine ahakikishe chaji imeanza, halafu mbadilishane. Chakula cha kukaa chini mkiweke kwenye kituo chenye chaja ya polepole, pale ambapo saa nzima haiendi bure.

Tutalala njiani. Tuulize nini kabla ya kulipia chumba?

"Mna chaja?" ni swali dhaifu, kwa kuwa jibu lake huwa ndiyo. Uliza ni ya kW ngapi, plagi gani, kebo ni yao au uje na yako, nafasi inahifadhiwa au anayewahi ndiye anayepata, na kama imetumika wiki hii. Nguzo ya kW 7.4 kwa saa 10 hujaza karibu betri nzima.

Soketi ya kawaida ya volti 230 kwa amp 10 hutoa kW 2.3. Kwa saa 10 ni kWh 23 ukutani, na baada ya upotevu betri hupata kama 20, yaani kilomita 100. Kwenye nchi za volti 120 tegemea karibu nusu. Omba ruhusa kwanza, kwa sababu soketi za zamani hazikujengwa kubeba mzigo huo usiku kucha. Punguza mkondo kwenye mipangilio ya gari hadi amp 8 au 6, na baada ya nusu saa gusa plagi: ya vuguvugu ni sawa, isiyoshikika mkononi chomoa mara moja.

Waya wa kuongezea ni bora usitumike, na watengenezaji wengi huukataza. Kama hakuna namna, uwe mmoja tu, wa milimita za mraba 2.5, na wa kuzungusha uukunjue wote. Uliobaki umejizungusha kwenye gurudumu lake hujipasha hadi kuyeyuka.

Tunaweza kulala ndani ya gari kiyoyozi kikiwa kimewashwa?

Ndiyo, hakuna moshi wala gesi ya sumu. Hesabu kWh 5 hadi 10 kwa usiku mmoja kulingana na hali ya hewa. Gari lenye soketi ya kutolea umeme linaweza pia kuchemsha lita moja ya maji kwa kWh 0.1 tu, usiogope kutumia birika.

Chaji inaisha na kituo bado kiko mbali. Nifanye nini?

Amua mapema. Ukiwa na asilimia 25, kushuka hadi 80 kwa saa kunaokoa mengi. Ukiwa na 5, umechelewa. Zima hita au kiyoyozi kama hali ya watoto inaruhusu, kaa upande wa polepole, epuka kuongeza mwendo ghafla. Gari likionyesha alama ya kobe limepunguza nguvu, na sasa ni wakati wa kutafuta mahali salama pa kuegesha wakati bado unaweza kuchagua. Usitegemee kilomita chini ya sifuri.

Likizima, agiza gari la kubebea lenye kitanda, liinue magurudumu yote. Kulivuta magurudumu yanayoendeshwa yakiwa chini kunaizungusha mota, nayo huzalisha umeme na kuweza kuunguza vifaa vyake.

Betri kubwa imejaa lakini gari haliwaki kabisa. Kwa nini?

Betri ndogo ya volti 12 imekufa. Ndiyo inayowasha kompyuta, kufuli na swichi zinazoiunganisha betri kubwa. Ipimwe kabla ya safari kama ina zaidi ya miaka 3 au 4, jifunze kufungua mlango kwa ufunguo wa chuma uliomo ndani ya rimoti, na beba kiwashio kidogo cha volti 12. Usitumie gari lako la umeme kuwashia gari la mwingine. Vitabu vingi vya magari hukataza.

Chaja za kasi zitaharibu betri safarini?

Siku chache za safari, hapana. Ukichaji kwa kasi mara tatu au nne kwa siku moja kwenye joto, gari lisilo na upozaji wa maji, kama Nissan Leaf za vizazi viwili vya kwanza, hupunguza kasi ya kuchaji ili kujilinda, na vituo vya mchana hurefuka. Kwa magari hayo panga chaji ndefu usiku na uende mwendo wa chini mchana.

Tubebe nini?

Kebo ya Type 2 au ya aina yako, maana nguzo nyingi za AC hazina kebo. Chaja ya soketi. Adapta. Pampu ya upepo na dawa ya kuziba tairi, kwa kuwa magari mengi ya umeme hayana tairi la akiba. Glavu, kwa sababu kebo huchafuka na hupata baridi. Taulo kuukuu. Pawabenki ya simu. Kebo zipakiwe juu ya mabegi, au utalipakua buti lote barabarani.

Tumefika, na gari litakaa siku tano bila kutumika. Liachwe na chaji kiasi gani?

Kati ya 40 na 70, kivulini. Zima kamera za ulinzi, ambazo huvuta wati 200 hadi 300 mfululizo, sawa na kWh 5 hadi 7 kila siku, na usifungue programu ya gari kwenye simu kila saa, maana kila ukifungua unaliamsha. Chaji ya kurudi ianze jioni ya kuamkia safari. Kama chaja ya mahali hapo ni moja na wageni ni wengi, jiandikisheni zamu siku mbili kabla.